Mzigo Haupigi Hodi

"Mzigo haupigi hodi."

Bibi Anande alisema hivyo huku kisu kimesimama katikati ya ndizi. Kila asubuhi, akishamkatia ng'ombe majani, huketi kwenye kibao nje ya jiko na kumenya ndizi za mchana, na si kawaida yake kusimamisha kisu kabla beseni halijajaa. Wajukuu wake wawili, Gladness na Kirimia, wakaacha kubishana, wakamtazama.

Walikuwa wakibishana habari za Krismasi. Kirimia alikuwa amesema kwamba mwaka huu hatakwenda kumsalimu mama yake mdogo aliyemlea. Pesa yake haikutosha nauli na zawadi pamoja, na wiki ya Krismasi mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Afadhali atafute kilo mbili za sukari na doti ya khanga, ampe kondakta wa basi, yaishe. Gladness naye alishikilia kwamba khanga bila keki ni aibu.

"Umesema nini, Bibi?" Kirimia aliuliza.

"Nimesema mzigo haupigi hodi."

"Huo msemo nausikia tangu nikiwa mdogo," Gladness alisema. "Nilidhani ni wa watu wa mabasi."

Bibi alicheka kidogo. "Hapana. Ni wa Mama Ndekirwa, jirani yangu, Mungu amrehemu. Nami najua msemo huo ulivyozaliwa, maana mzigo wenyewe niliubeba mimi, kichwani."

Akaichukua ndizi nyingine, akaanza kuwaeleza.

* * *

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe hapa. Mama Ndekirwa aliishi kihamba cha pili, shamba la migomba unalolikuta ukivuka mfereji. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Ndekirwa, alikuwa Dar es Salaam akishona nguo katika duka la mtu. Mama huyo hakujua kusoma wala kuandika. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa, basi nikawa ndiye ninayemsomea na kumwandikia barua zake. Alikuwa akija na yai moja mkononi, kama malipo, na kila mara nilimrudishia, na kila mara aliliacha juu ya meza bila mimi kumwona.

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze jambo moja. Siku zile, huku kwetu, mzazi hakumwambia mtoto mzima, "Njoo nyumbani." Ilionekana kama kumlilia, kama kumwambia kwamba amekutupa. Mzazi aliuliza tu, "Krismasi utaniletea nini?" Aliuliza akicheka, na mtoto alijibu kwa mzaha vilevile, "Nitakuletea mdomo, unilishe." Hapo walikuwa wameshaelewana. Huyu ameuliza kama mwenzake atakuja, na yule amesema atakuja. Vitu havikuwamo katika maneno hayo.

Lakini kicheko hakiandikiki. Mama Ndekirwa aliketi mbele yangu akacheka, akasema, "Muulize, Krismasi ataniletea nini." Nami nikaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wangu mzuri, nikatia na alama ya kuuliza. Nilikuwa bado mdogo, na nilitaka barua ionekane imekamilika. Kwa hiyo nikaongeza kwa akili yangu mwenyewe: "Sukari huku imeadimika, na baridi ya mwaka huu ni kali."

Desemba ikafika. Ndekirwa hakuja. Lilikuja boksi, limefungwa kamba ya katani, ndani yake sukari, sabuni na blanketi moja. Majirani walikuja kulitazama. "Una mtoto, Mama Ndekirwa," walimwambia. Yeye alishukuru, akawagawia sukari kidogo kidogo kwenye vikombe, na siku ya Krismasi alivaa kitenge chake cha zamani akaenda kanisani peke yake.

Mwaka wa pili akaniambia tena niulize ataleta nini. Nikaandika. Likaja boksi kubwa zaidi, lenye mablanketi mawili, vitenge, viatu na kopo la biskuti lenye picha ya farasi. Majirani waliongezeka. Mzee mmoja alisema kwamba huyo kijana sasa lazima ana duka lake. Mama Ndekirwa aliniuliza tulipobaki wawili, "Anande, barua uliiandika vizuri?"

"Niliiandika vizuri, Mama."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

Akafunika kopo la biskuti. Kisha akasema, "Pengine ana mwanamke huko ambaye hapendi milima."

Sikuelewa uzito wa maneno hayo. Nilikuwa nimeolewa kutoka bondeni, na utani ule wa kuuliza utaleta nini nilikuwa nausikia tu midomoni mwa watu. Nilidhani ni kuuliza kweli. Nilimwona mama aliyepewa viatu, na sikujua kwa nini hafurahi.

Mwaka wa tatu nilikwenda mwenyewe kulipokea boksi barabarani, basi la kutoka Dar lilipopita, siku nne kabla ya Krismasi. Kondakta na abiria mmoja walinitwika. Lilikuwa zito, nikapanda nalo mlima shingo ikiniuma, lakini nilikuwa na furaha ya mtu anayepeleka habari njema. Nilipofika kwa Mama Ndekirwa nikaona moshi jikoni, nikajua yumo. Nikapata wazo la kitoto. Sitapiga hodi. Nitaliweka mlangoni, nijifiche migombani, nione atakavyoshangaa.

Nikalitua. Liligonga kizingiti kwa kishindo.

"Karibu," Mama Ndekirwa aliitikia kutoka ndani.

Nikaziba mdomo nisicheke.

"Karibu, pita ndani," akarudia, na sauti yake ikawa imebadilika. Nilisikia kibao kikisukumwa. Nilisikia akijipangusa mikono kwa kitenge, haraka haraka, kama mtu anayekwenda kumpokea mtu aliyemngoja. "Karibu baba, mbona husemi?"

Akatokea mlangoni. Akatazama mbele kwanza, urefu wa mtu mzima. Kisha akatazama kushoto, kisha njiani. Mwishowe akatazama chini.

Mimi migombani hamu ya kucheka ilinitoka yote. Alisimama pale muda mrefu mkono wake ukiwa juu ya boksi. Kisha akasema, si kwa mtu, "Haya. Mzigo haupigi hodi."

Akaketi juu yake.

Ndani ya boksi lile mlikuwa na redio kubwa ya betri sita. Kijiji kizima kilikuja kuisikiliza. Mama Ndekirwa aliiweka juu ya kigoda, mahali anapoketi mgeni, na siku moja nilimkuta akiitazama. "Huyu anaongea kutwa nzima," aliniambia, "lakini hajaniuliza nimeamkaje."

Usiku huo nilimweleza mume wangu yote. Yeye ni mzaliwa wa hapa. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Kwani hujui maana ya kuuliza utaleta nini?" Akaniambia. Nilitaka ardhi inifunike. Miaka mitatu nilikuwa nimemwandikia kijana wa watu madai, kwa mwandiko mzuri, na sukari nikaongeza mimi.

Januari Mama Ndekirwa akaja na yai lake. "Mshukuru kwa redio," alisema. "Na umuulize, Krismasi ijayo ataniletea nini." Safari hii hakucheka.

Nikaandika shukrani. Nikaandika swali, kwa sababu barua ilikuwa yake na si yangu. Lakini chini kabisa, mahali ambapo mwandishi huandika jina lake, nikaongeza bila ruhusa: "Shemeji, boksi lako lilipotua mlangoni mama aliitikia 'karibu' mara tatu. Kisha akasema, mzigo haupigi hodi. Wako, Anande."

Nikaipeleka posta kabla moyo haujabadilika.

* * *

"Akajibu?" Gladness aliuliza.

"Hakujibu," alisema Bibi. "Na hapo ndipo nilipoanza kukonda."

* * *

Hakujibu Februari, hakujibu Pasaka. Kabla ya hapo hakuwahi kukaa miezi miwili bila kumwandikia mama yake. Mama Ndekirwa alikuja mara kwa mara kuuliza, akasimama tu nje ya mlango, na yai akaacha kuleta. Mwezi wa tisa aliniuliza, "Anande, mwanangu, ile barua ya Januari, ulimwandikia nini?"

Nilimwambia, "Nilimshukuru kwa redio, Mama." Haukuwa uongo, lakini niliona haya kumtazama.

Desemba ilipofika nilianza kushuka barabarani kila siku. Basi la kwanza, hakuna boksi. La pili, hakuna. Kondakta alinizoea, akawa ananitania, "Mama, leo hatukukuletea boksi, labda unichukue mimi?" Sikuwa na nguvu ya kucheka. Nilijiambia kwamba mama yule alikuwa na mtoto anayetuma vitu, na mimi kwa kidomodomo changu nimemwacha hana mtoto wala vitu. Kijana amekasirika. Amekata mawasiliano kabisa.

Siku ya mkesha wa Krismasi, asubuhi, nilikwenda kwa Mama Ndekirwa ili nimweleze ukweli. Nilimkuta akimenya ndizi za supu ya mtori, nikachukua kisu nikaketi naye, nikashindwa kuanza. Tulimenya tu. Redio ilikuwa imezimwa, betri zilikwisha tangu Machi na hakununua nyingine.

"Hodi."

Sote wawili tukasimamisha visu.

"Hodi humu ndani."

Mama Ndekirwa hakuitikia. Alikuwa ameukazia macho mlango. Ilibidi niitikie mimi, "Karibu."

Ndekirwa aliingia akiwa ameinama kidogo kwa sababu mlango ni mfupi. Alikuwa amekonda. Mkononi hakuwa na boksi wala begi, ila mfuko mmoja wa nailoni, na ndani yake nadhani mlikuwa na suruali yake ya kubadilisha. Akapiga goti mbele ya mama yake.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja mikono mitupu," alisema. "Nauli imekula kila kitu. Kila mwaka nilikuwa na kimoja tu, ama pesa ya vitu, ama nauli. Nikaona mnasubiri vitu. Barua yenu ya mwaka huu niliisoma hadi ikachanika, nikakosa la kujibu. Nikasema nitakuja kupiga hodi mwenyewe, hata kama nitafukuzwa."

Mama yake alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, ile ile yenye utomvu wa ndizi, akampaka nywele zote.

Hapo nami nikaungama. Nilisema yote, sukari niliyoongeza, na maneno ya chini ya barua, na kwamba kuuliza ataleta nini kulikuwa kumuuliza kama atakuja. Nilisema nikitazama sakafu.

Ndekirwa akanigeukia. "Shemeji," alisema, "kwa hiyo ilikuwa salamu?"

"Ilikuwa salamu, shemeji."

"Mimi ni fundi cherehani. Miaka mitatu nimevaa shati moja kwa ajili ya salamu?"

Mama Ndekirwa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, akaketi, akacheka tena, machozi yakamtoka, nami nikacheka huku nalia, na mzigo wa mwaka mzima ukanitoka mabegani pale pale. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna jambo. Wakamkuta Ndekirwa. Yule mzee wa habari za duka akachungulia nyuma ya mlango, akauliza, "Mwaka huu boksi liko wapi?"

"Ndilo hili limesimama," Mama Ndekirwa alisema. "Mengine yote hayakuwahi kupiga hodi."

Tangu siku hiyo msemo ukawa wa kijiji. Mtu akituma vitu harusini badala ya kwenda, watu huusema. Mtu akinunua duka zima ili asionekane mikono mitupu, akakosa nauli, watu huusema. Si kwamba vitu ni vibaya. Sukari ile tuliinywa, na blanketi lilimfunika mama yule hadi siku zake za mwisho. Lakini mlango wa mtu anayekupenda unasubiri sauti, na mzigo haupigi hodi.

* * *

Beseni lilikuwa limejaa. Kirimia alikuwa ameinamisha kichwa, akikuna kiganja.

"Hata nikienda bila kitu?" aliuliza polepole.

"Mama yako mdogo alikupokea ukiwa na miaka miwili," Bibi alisema. "Ulikuwa umemletea nini?"

Gladness alicheka, na Kirimia pia. Kisha Gladness akauliza, "Na Ndekirwa? Mwaka uliofuata ilikuwaje, mama yake alimuuliza tena ataleta nini?"

Bibi Anande alifuta kisu kwa upande wa khanga.

"Tulimsindikiza barabarani baada ya mwaka mpya," alisema. "Basi likaja. Akapanda, akakaa dirishani. Mama yake akasogea karibu na kioo, akafungua mdomo kama desturi yake, akasema, 'Haya mwanangu, Krismasi ijayo utaniletea...' Akakwama. Kondakta alikuwa anagonga bati, basi linaanza kuondoka. Nilimwona mama yule akitembea kando ya gurudumu, ameshika ukingo wa dirisha. Na mbele ya watu wote wa basi, bila kicheko, bila haya, akamwambia, 'Uje. Nataka uje.'"