Jina Moja Ng'ambo ya Daraja

Sogeeni. Nina jambo limenichosha kulibeba peke yangu, nisaidieni.

Palikuwa na ndugu watatu wa jimbo la Kilimani. Siwema alijaliwa vidole: akiipapasa noti anajua kama ni halali au bandia. Pandu alijaliwa ulimi. Angemwuzia maji mtu aliyelowa. Mize, kitinda mimba, alijaliwa miguu.

Wakati huo shirikisho lilikuwa linameguka. Wakubwa hawasikilizani, kila jimbo linachapisha noti zake. Za Kilimani mwisho wake darajani. Za Ng'ambo, jimbo la upande wa pili wa daraja, hugongwa muhuri kila Ijumaa; isiyogongwa, hata karanga hupewi. Na mama yao, Bi Riziki, alikuwa amelazwa Ng'ambo, mahututi, dawa yake haiuzwi ila kwa noti za huko.

Wakauza mashine yao ya kusaga, wakajaza gunia la noti za Kilimani. Ijumaa asubuhi wakashuka darajani.

Wabadilishaji wakawacheka. "Hizo fungieni vitumbua," mmoja alisema. Pandu akaketi nao, akawasifu, akawaulizia wazazi wao, akalia kidogo, machozi ya kweli. Kufika saa nne wakampa bunda la noti za Ng'ambo.

Siwema akalipapasa bunda, noti moja moja. Nusu ilikuwa bandia, na mwenye noti bandia Ng'ambo hufungwa. "Kaka zangu, hizi mmepitiwa," akasema kwa adabu. Wakazibadilisha kwa aibu.

Dirisha la muhuri liko Ng'ambo mjini, hufungwa saa sita. Mize akajifunga khanga kiunoni, akakimbia. Alimkuta karani anashusha pazia, akapenyeza mkono. "Shikamoo baba. Mama yangu anakufa." Karani akagonga.

Dawa ikanunuliwa. Jioni mama akafumbua macho, akaomba uji. Walifurahi, masikini.

Uji haujapoa, redio ikatangaza: shirikisho limevunjika, daraja linafungwa kesho, watu wa Kilimani warudi kwao. Mgonjwa asiyeweza kutembea abaki na mwuguzaji mmoja. Litafunguliwa lini, hakuna ajuaye.

Askari akaleta fomu ya mwuguzaji. "Jina moja."

Pandu akamsifu askari, akamwomba, akalia; askari akaweka kalamu mezani. Siwema akaipapasa ile fomu, ilikuwa halali. Mize akatazama miguu yake.

"Mama, chagua wewe," wakamwambia. Mama akageukia ukutani.

Msiniambie wapokezane, daraja linafungwa kesho. Msiniambie askari aombwe, ameombwa. Kalamu iko mezani, na mama anasikia. Je, wewe ungeandika jina la nani?