Fisi Mwenye Alama ya Kusujudu

Hapo zamani za kale, wanangu, Fisi alipokuwa bado anavaa kanzu, na habari zake sahihi ninazo mimi peke yangu, palikuwa na mjane, Bi Swala, na bintiye Mwanakombo.

Fisi akaja kumposa Mwanakombo. Kwenye paji la uso alikuwa na alama nyeusi ya kusujudu, kubwa kama kitako cha kikombe. Bi Swala alipoiona akalainika. Akasema anayemnyenyekea Mungu kiasi hicho hawezi kumtupa mkewe. Mwanakombo alilia siku mbili, maana alisikia Fisi ana wake wawili aliowatelekeza ng'ambo ya mto. Mama hakusikia. Harusi ikapangwa Ijumaa.

Lakini kwa desturi yao, mjomba asiporidhia hakuna ndoa. Na mjomba mtu alikuwa Nguchiro. Msiniulize Nguchiro na Swala wapi na wapi; zamani undugu ulikuwa mpana.

Alhamisi Nguchiro akamwalika Fisi chakula cha mchana. Fisi akala wali wa nazi na mchuzi wa mbuzi mpaka kanzu ikambana. Kisha akaingizwa chumba cha wageni, kitupu, sakafuni pamemwagwa mchanga mpya wa mtoni.

"Mikeka yote nimeifua, mkwe wangu," Nguchiro akasema. "Ila mchanga huu ni twahara, sali hapa hapa. Nakufungia, watoto wasikusumbue."

Fisi akashukuru. Mlango ulipofungwa tu: khoroo, khoroo.

Jioni Nguchiro akaja kufungua, yuko na Bi Swala na Mwanakombo. Fisi akatoka akijifikicha macho, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba amesali adhuhuri na alasiri, na sunna juu yake, hata paji linamwuma.

Nguchiro akauinamia mchanga, taratibu.

"Dada, hebu njoo usome. Huu ubavu. Hili tumbo. Huu mkia. Sasa paji la uso liko wapi?"

Bi Swala akatafuta pembe zote nne. Kisha akalowesha ncha ya kanga yake mtungini, akampangusa Fisi usoni. Kanga ikatoka nyeusi.

"Masizi ya chungu," akasema polepole. "Mwanangu, nisamehe."

Mwanakombo alikuwa ameshaokota viatu vya Fisi, anampa mkononi.

Anayempenda Mungu kweli, au mke, wanangu, humpenda hata mlango ukishafungwa.