Shida ya Siwema

Siwema muuza kahawa alikuwa amefukuzwa karibu kila kona ya jiji kabla ya kupata baraza la ofisi ya ardhi, lenye kivuli na wateja wasiojua wataondoka lini. Akaja meneja mpya, Bwana Lyatuu.

"Mama, hapa si sokoni! Wanaokaa hapa ni wenye shida na ofisi tu."

"Sawa, bosi. Na mwenye shida akija na birika lake?"

Watu wakacheka. Lyatuu akapandisha sauti: "Aje hata na kitanda! Ilimradi ana shida na anasubiri kuhudumiwa."

Siwema akaingia mapokezi, akamwambia karani ana shida na meneja. Karani hakuinua hata macho.

"Yuko kikaoni. Njoo kesho, usubiri pale barazani."

Wiki zikapita. Asubuhi moja Lyatuu akatoka akifoka, "Wewe! Si nilikufukuza?"

"Ulinifukuza, bosi, na shida yangu ndiyo hiyo. Nimekuja kulalamika kwako kwamba nimefukuzwa, na kila siku naambiwa njoo kesho."

Baraza zima likaangua kicheko.

"Basi ingia, nikusikilize sasa hivi, uondoke!"

Dirishani karani akasema, bila kuinua macho, "Bosi, una kikao. Mama, njoo kesho."

Lyatuu akarudi kikaoni. Siwema akamimina kikombe cha kahawa, akakipeleka dirishani kwa karani, kama alivyofanya kila asubuhi.