Kitanda Hakiugui

"Kitanda hakiugui, huugua alalaye."

Mmemsikia matroni akiisema wodini asubuhi hii, enyi wanafunzi wa uuguzi, na mmoja wenu akaja kuniuliza mimi mstaafu kama ni ndugu wa ile methali ya kitanda na kunguni wake. Si ndugu wala si jirani. Methali hii ilianza hivi, na naijua vizuri kwa sababu siku ilipozaliwa, sindano ilikuwa mkononi mwangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, katika hospitali ndogo ya milimani huko Upareni. Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili, kila kimoja na namba yake ya rangi nyeupe. Sisi wauguzi tulikuwa na mazoea ya kumwita mgonjwa kwa namba ya kitanda. "Sita amekula?" "Tisa anatapika." Tulijiona hodari kweli! Jina la mgonjwa lilibaki kwenye faili, na faili lilibaki mezani.

Kitanda cha sita kilikuwa cha Nambike, mwenye kisukari, aliyekuwa amelazwa wiki tatu. Mvua ya vuli ilinyesha kuamkia Jumanne, bati likavuja juu yake. Ombeni, muuguzi wa zamu ya usiku, akamhamishia kitanda cha tisa. Mvua ilipokatika godoro la sita likabadilishwa, akalazwa hapo Nanzia, mama aliyeletwa akiwa na malaria, hajatia kitu tumboni kwa siku mbili.

Saa moja asubuhi tukapokezana zamu palepale mezani, tumesimama. Ombeni macho yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Sita apate insulini kabla ya chai," akasema.

"Sawa," nikajibu.

Nambike alikuwa "Sita" kwa siku nyingi, na mdomo wa Ombeni ulikwisha zoea. Hakusema amemhamisha, nami sikuuliza. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano, nikaenda.

"Mama, wewe ndiye Sita?"

"Ndipo waliponilaza, mwanangu."

"Haya, toa mkono."

"Hiyo ya nini?"

"Ya sukari."

"Mimi sina sukari. Nina homa."

Nikacheka. Wagonjwa wangapi nilikuwa nimewaona wakipona ghafla mbele ya sindano! "Mama, usinicheleweshe. Sita ana sukari, na dawa yake ni hii."

Nanzia akaurudisha mkono chini ya blanketi. Hakupaza sauti.

"Nesi, kitanda hakiugui. Anayeugua ni mimi niliyekilalia. Taja jina langu, ndipo unichome."

Sikuwa na jina la kutaja.

Nikarudi mezani na sindano yangu, nikafungua faili la sita. Nambike Mbwambo, kisukari. Nikaita jina hilo kwa sauti, na mkono mnyonge ukainuka kutoka kitanda cha tisa. Nikampima, sukari ilikuwa imepanda, nikampa dawa yake. Insulini ile, kwa mtu asiye na kisukari na mwenye njaa ya siku mbili, ingemzimisha kabla chai haijaletwa. Niliogopa vibaya, na sioni haya kuwaambia.

Ningeweza kunyamaza. Nilikwenda kwa matroni wetu, Mama Elieshi, nikamweleza yote. Akamwita Ombeni, ambaye alikuwa amekwisha vaa koti la kwenda nyumbani.

"Nani amekosea?" matroni akauliza.

"Mimi," tukajibu wote wawili.

"Basi msigombanie, kosa linawatosha wote. Kuanzia kesho hakuna kupokezana zamu mezani. Mtakwenda kitanda kwa kitanda, mtamtaja mgonjwa kwa jina naye akisikia. Anayeondoka aseme kilichobadilika, anayepokea arudie alichoambiwa. Na asiyeelewa aulize, hata kama anayesema ni daktari."

Tulinung'unika, msidhani tulipiga vigelegele. Kazi ya dakika tano ikawa ya nusu saa. Lakini baada ya mwezi hata daktari wetu, mtu asiyependa kuulizwa, alikuwa akisubiri nirudie agizo lake kabla hajaondoka. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja baada ya hapo, na sikumchoma tena mtu nisiyemjua kwa jina.

Nanzia aliruhusiwa siku ya tano, akatoka kwa miguu yake. Alipofika mlangoni nikamwita: "Nanzia Msuya!"

Akageuka. "Ungeniua, mwanangu."

"Ningekuua, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila wengine waambie."

Ndiyo maana nawaambia. Kitanda hakiugui, huugua alalaye.