Kofia ya Mwanatumu na Feni Iliyonyamaza

Waliokuwapo sebuleni kwetu, Muheza, Jumapili ile, nitawataja mmoja mmoja. Alikuwapo dada yangu mkubwa, Mwanatumu binti Salehe, mshonaji wa kofia. Alikuwapo mwanawe, Rajabu bin Omari, ajuaye kuiamuru kompyuta. Alikuwapo mkewe Rajabu, Chausiku binti Ngereza, mwenye masikio makali kuliko sisi sote. Alikuwapo jirani yetu, Elias Mbwambo, fundi redio kwa miaka arobaini sasa. Na mimi, Hemedi bin Salehe.

Mwanatumu alikuwa amepoteza sauti kwa maradhi ya koo. Kabla haijakatika, Rajabu alimrekodi akisimulia habari za ukoo wetu, saa thelathini na moja, akazihifadhi katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa, juu ya meza ya sebuleni. Nakala nyingine haikuwapo. Lakini feni ya mashine ile ilivuma mchana kutwa. Mwanatumu akihitaji kitu aligonga mkono wa kiti kwa subana, kile kikofia cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni, na kwa mvumo ule hatukumsikia. Siku moja aligonga kuomba maji hadi akalia.

Elias akaleta feni kubwa yenye kuzunguka polepole, akabandika na kipimajoto kando ya diski zilizohifadhi sauti. Bila kipimajoto, mashine isingejua kama inaungua.

Rajabu akaandika programu: joto likiwa dogo, feni ijikokote, likipanda, iongeze mbio yenyewe. Bila programu, kipimajoto kingekuwa pambo tu. Sebule ikanyamaza. Subana ikasikika hadi uani.

Wiki ya tatu, Chausiku alikuwa jikoni akikuna nazi, akasikia mvumo.

"Mjomba, hicho nini kinacholia?"

Nikamwambia ni pikipiki barabarani. Hakuniamini. Akakimbilia sebuleni, mikono imejaa nazi, akaikuta mashine imefunikwa kitambaa cha kufuma pande zote, na feni inazunguka kwa nguvu zake zote. Akakivuta kitambaa, akachomoa waya. Bila yeye, feni ingelia mpaka diski zife.

Sauti ya dada yangu iliyomo katika mashine ikasalimika. Naye akatoa kofia moja, ya mwisho aliyoshona kwa mkono wake, akaandika kwenye daftari: "Hemedi, wewe ndiye mwamuzi. Mpe mwenye haki."

Ndiyo maana tulikutana Jumapili ile.

"Kofia ni yangu," akasema Elias. "Na msije mkasema sisi Wapare ni waroho."

"Hilo hatulisemi, tunalijua," akajibu Rajabu. "Lakini Mzee Elias, feni yako ingeambiwa na nani iongeze mbio?"

"Na mbio zake zingesikiwa na nani?" akauliza Chausiku.

Rajabu akamgeukia mkewe. "Wewe nyamaza. Nani anayefuta vumbi humu? Kitambaa ulikiweka wewe."

"Sikukiweka."

"Basi kilitembea chenyewe?"

Elias akacheka. Chausiku akanitazama, akangoja. Nikalikunja gazeti langu, nikalikunjua tena.

Kitambaa nilikiweka mimi. Katika nyumba ya baba yetu, redio ilifunikwa kila ilipozimwa. Na mashine ile, kwa vile ilikuwa kimya, nilidhani imezimwa. Nina miaka themanini na minne. Shuleni nilifundishwa kusimama na kusema "ni mimi, bwana" kabla mwalimu hajauliza mara ya pili. Sikusimama.

Subana ikagonga mara moja. Dada yangu alikuwa ameandika: "Nasubiri." Hakumtazama Chausiku, wala Rajabu, wala Elias. Alinitazama mimi. Nikasema hukumu nitaitoa Ijumaa.

Wewe unayesikiliza, kofia ninayo kabatini. Kuna aliyeipa mashine hisia ya joto, kuna aliyeifundisha la kufanya, na kuna aliyesikia akakimbia. Ungempa nani? Na ungekuwa mimi, ungeanza kulitaja jina lipi, la anayestahili kofia au lako?

Mwanatumu binti Salehe alifariki Jumatano, saa nne asubuhi.