Jina la Kadogo

Hapo zamani, na wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani hii ya juzi ya redio za betri na barua za stempu, palikuwa na mwanamke akiitwa Tausi. Alizaliwa katika kambi ya wakata mkonge huko Tanga. Mama yake alikuwa yatima wa kambi hiyohiyo. Baba yake, Liteta, alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Tausi akiwa mtoto alimwuliza, "Baba, ndugu zetu wako wapi?" Akajibiwa, "Sina ndugu." Akiwa mwari akauliza tena. "Sina ndugu." Mama akafa, baba naye akafa, na jibu likabaki lilelile.

Tausi akaolewa. Kwa kina mumewe, mtoto wa kwanza hupewa jina la upande wa baba, na wa pili jina la mtu aliye hai wa upande wa mama. Wa kwanza akapata jina bila taabu. Wa pili, binti, akafikisha miezi minne akiitwa Kadogo tu, maana jina la kumpa halikuwepo. Mama mkwe hakulifumbia macho. "Kwenu hakuna hata bibi mmoja wa kuazima jina? Hata kuku ana ukoo!" Tausi aliinama akafua nepi, na moyo ulimuuma sana.

Mchana mmoja akaja Somoe, muuza maandazi wa kambini, redio kwapani. Huyu hakuwa ndugu. Alikuwa mtani wa Liteta, wa kabila jingine kabisa, ambaye asubuhi alikuwa akimtukana na jioni akimpelekea uji alipougua.

"Tausi mwanangu, kaa chini," alisema. "Unakumbuka baba yako alivyokuwa akizima redio vikianza vipindi vya salamu?"

"Nakumbuka."

"Basi kila mwezi kuna mwanamke wa Namkunda, ng'ambo ya Ruvuma. 'Salamu zimfikie kaka yangu Liteta popote alipo. Ujumbe: mdomo uliponza kichwa, rudi nyumbani.' Yule ni shangazi yako. Baba yako alinitajia kijiji chake siku aliyokufa, akaniapisha nisikwambie. Nimefunga mdomo miaka mitatu. Leo nimemsikia mama mkwe wako akikusimanga, nimeshindwa. Baba yako akinitokea ndotoni, tutatukanana hukohuko!"

Tausi alilia, akacheka, akalia tena. Ana shangazi! Mama mkwe naye akalainika. "Nenda," akasema. "Ila urudi na jina moja, na mwenye jina ajulikane. Huyo ndiye atakuwa somo wake, na mtoto akipatwa na jambo tujue wa kumwita. Majina mawili sitaki."

Wakaenda, Tausi na Somoe na Kadogo mgongoni. Wakapanda basi, wakashuka, wakapanda jingine. Walipokuwa wakivuka Ruvuma, mtumbwi ukapinduka karibu na ukingo, Kadogo akamchomoka mama yake mgongoni. Somoe hakujua kuogelea hata kidogo. Alimdaka, akasimama kwenye tope, maji kidevuni, mtoto amemwinua juu kwa mikono miwili, mpaka mpiga kasia akaja kuwatoa. "Mpokee huyu kwanza," akasema, "mimi nimeshakunywa ya kutosha."

Wakafika Namkunda. Somoe akasema, "Huyu ni binti wa marehemu Liteta." Vilio, kisha vigelegele! Tausi alitazama huku na huku akaona paji lake la uso kwenye vichwa ishirini. Mwanamke mmoja akaanguka miguuni pake akilia. Huyo alikuwa shangazi Sikudhani, dada wa Liteta. Mwingine, mrefu, mkimya, akamshika mkono akampeleka kwenye nyumba iliyokandikwa upya. "Hii ni ya baba yako," akasema. "Mimi ni Havijawa. Mimi ndiye mkewe aliyemwacha hapa. Ingia, mwanangu." Tausi akainama mlangoni, akaingia.

Wakala, wakacheza siku tatu. Asubuhi ya nne ukoo ukaketi uwanjani, Tausi akasema, "Nimekuja kuchukua jina."

Shangazi Sikudhani akasimama. "Jina ni langu. Miaka ishirini na mitano, kila mwezi, nimempelekea mwalimu mayai aniandikie kadi ya salamu, nikaitembeza mpaka mtoni ivushwe. Nisingeita, nani angesikia?"

"Sema na lile jingine," wakamwambia.

"Nasema. Mama yetu alipokufa, Liteta alikuwa safarini. Akarudi siku tatu baada ya maziko. Nikamwambia mbele ya watu, 'Asiyemzika mama hana mama, na asiye na mama hana ndugu.' Akainuka, akaenda, hakuaga. Mimi ndiye niliyemfukuza. Na mimi ndiye niliyemwita. Jina ni langu."

Havijawa akasimama. "Kuita si kazi. Aliyeitwa angefikia wapi? Jina ni langu. Kila kiangazi nimeezeka nyumba ile, nimeikandika kwa mikono hii. Ninyi mlitaka kumfanyia Liteta matanga mgawane mikorosho yake. Nikakaa mlangoni, nikasema matanga ya mtu asiye na maiti hayaliwi kwangu. Nisingekaa, leo mgeni angeoneshwa kichuguu."

"Una jingine?" wakamwuliza.

"Ninalo. Mwaka wa tatu aliniletea barua. 'Usiningoje. Nimeoa Tanga, nina mtoto.' Nikaichoma. Ningeionesha, mngenirudisha kwetu. Nilijua aliko, na huyu dada yake akaita miaka yote hiyo nikimsikia."

"Havijawa!" Sikudhani akapiga ukelele. "Nawe ulikuwa ukinibebea mayai ya mwalimu!"

"Nilikuwa nikiyabeba," akasema, "na nilikuwa nikilia njiani. Jina ni langu."

Watu wakanong'ona. Ndipo Somoe akainuka kutoka jikoni, unga mikononi.

"Jamani, mimi sina damu ya hapa, na wala sina haya. Jina ni langu. Huyu angeita mpaka betri ziishe. Huyu angekandika mpaka udongo uishe. Nani aliyeleta? Na mtoto alipokuwa mtoni, damu yenu ilikuwa wapi? Kosa langu nalisema mwenyewe kabla hamjaniuliza. Nimevunja kiapo cha mtu aliyekufa ameushika mkono wangu. Na kabla ya kukivunja nimekitunza miaka mitatu, nikisikia mwenzangu akiita, nikimwona binti huyu akisimangwa. Kwa hiyo nimekosa kwa kukivunja na nimekosa kwa kukitunza. Jina ni langu."

Uwanja mzima ukamgeukia Tausi. Naye, niwaambie ukweli, alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo. Mwanamke asiye na mtu, leo wanagombewa, yeye na mwanawe!

Lakini jina ni moja. Akimpa mtoto jina la Sikudhani, kila siku atamwita kwa jina la ulimi uliomtoa baba yake nyumbani. Akimpa la Havijawa, atamwita kwa jina la aliyechoma barua, na barua ile ingempa yeye ukoo tangu utotoni. Akimpa la Somoe, mama mkwe atasema, "Kumbe kwenu hakuna mtu kweli, umeazima kwa muuza maandazi." Na bila mmoja wao, yeyote yule, Tausi asingekuwa amesimama pale.

Akamfungua Kadogo mgongoni, akamwinua watu wamwone. Wanawake watatu wakanyoosha mikono. Tausi akatazama mikono ile sita, akatabasamu, akafungua kinywa kumwita mwanawe.

Mimi naishia hapo. Msinitolee macho, na msiniambie "wote watatu", mama mkwe amekwisha kukataa. Nyinyi mnaojua kuhukumu mambo ya watu mkiwa mmeshiba, haya, hukumuni: aliyeita, aliyengoja, na aliyeleta, je, nani alistahili jina?