Kakakuona Aliyeogopa Kusema "Najua"

Paukwa!
Pakawa.
Nimewasikia wa mbele tu. Ninyi wa nyuma, kuitika nako kunataka cheti? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, wanyama walikuwa na chuo kikuu chao bondeni. Alisoma hapo Kakakuona, yule mnyama wa magamba anayejikunja akiogopa. Alisomea udongo. Akachimba, akanusa, akaonja, akachimba tena. Rafiki yake alikuwa Chiriku, ndege wa maneno mengi. Jioni Kakakuona anaeleza masomo, Chiriku anasikiliza nusu, anaimba nusu.

Mtihani wa chuo hicho ulikuwa wa mdomo. Mwalimu Korongo anauliza, na mwanafunzi lazima aanze kwa kusema: "Najua." Asiyelisema neno hilo hasikilizwi. Chiriku alilitamka hata kabla swali halijaisha, akapata alama za kumvusha. Kakakuona akiitwa, kunju! Amekuwa duara. Anapata sifuri.

Alikuwa ameshafeli mara moja. Akifeli tena, ni disko, na disko ya chuoni haina muziki: unafunga mizigo unarudi kwenu. Na mama yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe anakuja msomi. Kakakuona aliliwaza hilo mpaka chakula kikamshinda.

Korongo naye alikuwa mdadisi. Aliwasikia wawili hao wakisoma mtoni, akashangaa. Huyu anayemfundisha mwenzake, mbona ndiye anayefeli? Akajiuliza, kujiamini ndiko kunakoleta alama, au alama ndizo zinazoleta kujiamini? Akazunguka na swali lake matopeni, tapu, tapu, tapu. Mwisho akamwuliza mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Kakakuona. "Kwetu mtoto akisema najua, wanamwita mjuaji. Nimekatazwa ujuaji tangu mdogo."

Korongo akakubali. Ni kweli, mjuaji si jina la sifa. Akamwambia tu kwamba sheria ya mtihani iliwekwa na wakubwa wa chuo, yeye hawezi kuigeuza.

Siku ikafika. Korongo akauliza kwa nini mvua haikibomoi kichuguu. Kakakuona, kunju! Chiriku akadakia: "Najua. Mchwa hukipaka nta ya nyuki."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Mara ndani ya duara ikatoka sauti ndogo: "Sivyo."

Wote wakageuka. Gamba likafunguka, likafuata jingine, pua ikachomoza. Kakakuona akaeleza kwamba mchwa huchanganya udongo na mate yao, nao ukikauka unakuwa mgumu.

"Neno bado," akasema Korongo. Alitamani sana alisikie.

Kakakuona akazitazama kucha zake. Zilikuwa zimejaa udongo. Akawaza, mjuaji kucha zake ni safi.

"Najua," akasema. "Najua kwa sababu nimechimba."

Akafaulu. Chiriku akafurahi kumzidi mwenyewe, akaomba naye afundishwe kuchimba. Tangu hapo Kakakuona alisema zaidi, akafaulu zaidi, akasema zaidi. Kati ya kusema na kufaulu, lipi lilivuta jingine, Korongo aliendelea kujiuliza, nami bado najiuliza.

Funzo ni hili: ulichokisomea kwa jasho lako, sema unakijua. Huo si ujuaji, ni kujipa haki yako. Hadithi yangu imekomea hapo, na koo limenikauka.